Kuhusu Vile Viatu Vyeusi

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili mchana, 15 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Goti lako linaendeleaje? Wifi na wanangu wazima? Sisi tupo. Mama anakula, analala, na anamgombeza kila anayepita. Mdogo wetu yu hai, yuko chumba cha pili anasikiliza mpira redioni. Natanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Naandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha barua hii nikutumie leo leo. Kwenye simu ungenikatiza, unajijua.

Shangazi ameshakupigia. Alikuwa jikoni, na sauti yake haihitaji simu, kwa hiyo nilisikia yote: kwamba kituo kimeturudishia maiti inayopumua, na kwamba umeamua mdogo wetu asirudi tena kule, utaajiri muuguzi akae naye hapa. Gari la kituo linakuja kumchukua kesho asubuhi. Shangazi ameketi barazani, anasema halitavuka geti bila kauli yako. Basi kauli hiyo uitoe ukijua kilichotokea.

Tangu mdogo wetu aanguke kutoka kwenye paa akifunga nyaya, mikono yake inafanya kazi, lakini kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu. Uti wa mgongo uliumia chini kidogo ya shingo. Kituo kinawasaidia watu walioumia kama yeye, kinaendeshwa kwa michango, na wengi wanaofundisha pale wenyewe wako kwenye viti vya magurudumu. Amejifunza kujihamisha kutoka kitandani, kukagua ngozi yake kwa kioo, na sasa anatengeneza redio za watu. Wikendi hii ilikuwa ya majaribio, kuona kama anaweza kukaa nasi. Kumbe waliokuwa wanajaribiwa ni sisi.

Jana Shangazi alimvalisha shati jeupe, suruali, na vile viatu vyeusi ulivyomtumia. Viligoma kuingia, akavisukuma kwa mpini wa kijiko.

"Mwanamume bila viatu ataonekana mgonjwa," alisema.

"Shangazi, mimi hata ukinivalisha ndoo sitajua." Tukacheka sote.

Tulipokuwa mezani akaacha kula. Akasema kichwa kinamgonga. Macho yakawa mekundu, jasho likamtiririka usoni na shingoni. Shangazi akasema ni presha, alazwe. Tukamlaza kwenye kochi na kumwekea mto chini ya miguu. Yeye anapiga kelele, "Nikalisheni! Nasema nikalisheni!" Shangazi anamjibu, "Tulia baba, unaumwa." Mtu pekee chumbani aliyejua la kufanya ndiye tuliyekuwa tunamnyamazisha.

Namba ya kituo imeandikwa kwa rangi nyuma ya kiti chake. Nikapiga. Akapokea yule wanayemwita Kapteni, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya ajali yake.

"Amelala au amekaa?"

"Amelala."

"Mkalisheni sasa hivi, miguu ining'inie. Salamu baadaye."

Tukamkalisha. Kapteni akaniambia nitazame mpira wa mkojo. Haukuwa umejikunja, na mkojo ulikuwa unapita. Nilegeze mkanda, nikalegeza. Jasho likazidi. Mdogo wetu akasema haoni vizuri. Mama alikuwa amemshika sikio kama alivyokuwa akitushika tukiwa watoto.

"Sikiliza, dada," Kapteni akasema, wala hakupandisha sauti. "Kuna kitu kinamuumiza huko chini. Yeye hasikii, lakini mwili unajua, ndiyo maana unapandisha presha. Na presha hiyo inaua. Leo ana nini ambacho jana hakuwa nacho?"

Nikatazama miguuni.

Kiatu cha kulia hakikutoka. Shangazi ndiye aliyekata kamba kwa kisu cha mkate. Kidole gumba kilikuwa kimejikunja, ukucha umeingia nyamani, soksi ina damu. Hatujamaliza kuvua cha pili, mdogo wetu akavuta pumzi ndefu, kisha akauliza nani amekula nyama yake.

Tulimpeleka hospitali hata hivyo. Daktari akasema presha imeshuka, akamfunga kidole, akatuambia kwamba tungechelewa, mshipa ungeweza kupasuka kichwani.

Sasa nisikilize. Kituo hakikukosea. Wewe pia hukukosea, ulituma namba aliyokuwa akivaa. Miguu ya mtu anayekaa kutwa nzima huvimba. Hatukulijua hilo kwa sababu walipotuita kwenye mafunzo ya familia hatukwenda. Shangazi alisema kumtunza mtu wa damu yako hakufundishwi, nasi tukaona amesema kweli. Muuguzi utakayemwajiri kuna siku ataumwa, kuna siku ataondoka. Mdogo wetu anahitaji watu ambao akisema "nikalisheni" wanamkalisha.

Kapteni anasema kituoni kuna nafasi ya ndugu wawili kukaa wiki nzima wafundishwe. Moja nimeichukua. Ya pili nimemwekea Shangazi, na bado sijamwambia, maana kwangu atakataa. Kwako hawezi. Mpigie yeye, usinipigie mimi. Usimtajie kosa, analijua: tangu jana hajaonja kitu, na kile kijiko alichosukumia viatu amekifunga kwa kitambaa akakiweka mbali, hataki mtu akitumie. Mwambie tu kesho apande gari.

Mdogo wetu anasema viatu amevipenda. Anaomba vingine vya aina hiyo hiyo, vikubwa kwa namba mbili, "maana mimi sina wa kuniambia vinabana."

Msalimie sana Wifi, na wanangu mmoja mmoja, na binamu yetu mpishi ukimwona. Mama anakuombea kwa Mungu afya na kazi isiyokukausha. Mimi nahamishia kiti changu barazani, kando ya Shangazi, mpaka simu yake ilie.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinuna.