Shingo Ninazofungua Baba Akienda Kuswali

Nzuguni, Dodoma
15 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Bushiri,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nisipolitoa kwanza sitaweza hata kukuuliza hali. Gitaa tulilokutumia huko Maskati, shingo yake hakuifunga baba. Aliifunga ikakaa upande. Mimi niliifungua nikaifunga upya.

Sasa naweza kukusalimu vizuri. Afya yako ikoje na joto la huko? Mguu wa Mama Mdogo umepona? Sisi wazima, isipokuwa macho ya baba.

Tangu Ramadhani hauoni vizuri mstari wa penseli. Ndiyo maana karakanani ameacha gundi, anafunga shingo za magitaa anayounda kwa bolti, ingawa anawaambia watu ni fasheni. Akienda kuswali alasiri nalegeza nyuzi, naingiza mkono kwenye tundu la gitaa, nafungua bolti mbili. Nasugua kisigino cha shingo, ile ncha inayoingia mwilini mwa gitaa, kwa msasa, kidogo kidogo, mpaka kikae sawa kwenye kishimo chake, kisha nakaza. Akirudi ananikuta nafagia.

Hamidu, mpigaji wa kwenye maharusi, alimwambia, "Mzee, hii imenyooka kuliko reli ya Gulwe!" Baba alicheka mpaka akakohoa. "Wanaosema nimepofuka waje waishike."

Wiki iliyopita nilikuwa msibani Nkuhungu siku mbili. Gitaa moja likatoka bila mimi. Hamidu akalirudisha: nyuzi ziko juu, vidole vinamtoka damu.

"Umelikalia wewe!" baba akamtania. Wakacheka. Lakini Hamidu alipoondoka nilimwona baba dirishani, ameweka rula juu ya ile shingo, anafumba jicho hili, anafumba lile. Hakuniita.

Nimechaguliwa kidato cha tano, bweni, Kigoma. Naondoka Julai. Tranka baba ameshaninunulia. Na amepokea oda ya ukulele kumi, vile vigitaa vidogo vya nyuzi nne, za watoto wa shule, za Agosti. Nilijikaza nikamwambia afadhali nibaki.

"Ubaki ufanye nini, Khairat? Ufagie?"

Nikimwambia, nitamvunja mimi. Nikinyamaza, zitamvunja zile ukulele. Nimefikiri sana, sioni njia.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ni ya baba, na meseji zote anasomewa kwa sauti. Parvin wa duka la bolti, anayesafiri kuja huko, ndiye anayekuletea. Anajua ni salamu tu.

Msalimie Mama Mdogo Mwanamvua na mdogo wangu Masudi. Mwenyezi Mungu awahifadhi huko ugenini.

Baba Mdogo, nakuomba, usimwambie mtu. Ukipiga simu Ijumaa, msifie baba shingo ya gitaa lako kama siku zote. Na usiifungue. Kwenye kisigino, katikati, baba aliandika jina lake kwa penseli. Nilisugua pembeni tu, sikuligusa.

Mwanao akupendaye,
Khairat