Niliuliza Mara Moja

Jumatatu, 2 Februari

Hewa ya Kisauni leo ina maji, plasta haikauki. Barasa, msaidizi wangu, kaigeuza feni yangu upande wake bila kuuliza. Vinywa vinne vya plasta mezani, kazi ya maabara ya meno. Viwili vya Likoni, kimoja cha Bamburi, kimoja cha daktari wa meno wa Nyali.

Hicho cha Nyali ndicho kazi. Daraja la meno bandia sita ya mbele, yaliyoungana, kutoka chonge hadi chonge. La kudumu, hubandikwa kwa saruji ya meno na halitoki tena. Litasimama juu ya mizizi mitatu tu, machonge mawili na jino moja la mbele. Fomu inasema: Selina, mwanamke, miaka hamsini na minne. Uso wake sitauona. Mimi watu nawajua kwa plasta.

Nyuma ya machonge, pande zote mbili, fizi tupu. Gego moja tu kule mwisho, kulia. Huyu hatafuni chochote. Lazima baadaye atatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua, na vishikio vyake vitashika machonge hayo hayo. Basi kofia ya kila chonge niichongee kikalio sasa, mgongoni, ikiwa bado nta. Kidato kidogo tu, mkono wa chuma upate pa kukaa. Daraja likishabandikwa, huna cha kuchonga.

Nimempigia daktari kuuliza kama kuna ya kuvaa yatakayofuata. "Wewe fanya daraja, Kadzo. Ya nyuma niachie mimi." Nimesema sawa, daktari. Ndivyo tulivyofunzwa kazi. Fundi huuliza mara moja, ya pili ni utovu wa adabu.

Jumanne, 10 Februari

Daraja limekwenda Nyali. Rangi imenitii safari hii, ile manjano ya mbali ya meno ya mtu mzima. Migongo laini, mviringo, bila kikalio, imeng'aa. Barasa, ambaye hajawahi kunisifu tangu aje kutoka kwao Bungoma, amelishika kwenye mwanga na kusema, "Hii imeweza, madam." Nimetembea kifua mbele hadi stendi.

Alhamisi, 19 Februari

Nimekasirika. Naandika kwanza, nitakula baadaye.

Imekuja chapa ya pili ya kinywa cha Selina. Daraja langu limeshabandikwa. Fomu: meno ya kuvaa ya nyuma, ya chuma, vishikio kwenye machonge, wiki moja. Machonge gani? Yale yasiyo na kikalio. Yale niliyouliza habari zake.

Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua hili. Panga kwanza kile kitakachotoka, ndipo ujenge kile kitakachobaki. Daktari kajenga nyumba, kapiga rangi, sasa ananiambia nitie mlango.

Meno ya kuvaa yasiyo na pa kukaa huzama kwenye fizi. Kila akitafuna, mikono ya chuma inayavuta machonge. Machonge yakilegea daraja zima linaanguka, na chini hakuna kitu. Mizizi mitatu ndiyo yote aliyobakiza huyu mama huko juu mbele.

Nimempigia. Amecheka. Eti nikaze vishikio, nisiwe na wasiwasi wa kike. Wasiwasi wa kike! Miaka kumi na tisa nakalia kiti hiki.

Ijumaa, 20 Februari

Mama wa mahamri hapo mlangoni hauzi hadi jioni, mwezi wa Ramadhani. Nimeshinda na chai ya chupa na hasira.

Barasa anasema, "Tengeneza utume tu, madam. Sahihi ni ya daktari." Kweli sahihi ni ya daktari. Na meno je, ni ya nani?

Nimechukua kalamu nyekundu, nimeandika chini ya fomu: Kofia za machonge hazina kikalio. Meno haya yatazama.

Alhamisi, 26 Februari

Nimeyatuma. Nimeyatengeneza vizuri na nimeyatuma. Vishikio nimevikaza kama alivyotaka.

Sijipendi leo.

Ijumaa, 6 Machi

Simu kutoka Nyali. Meno ya Selina yanaanguka. "Mgonjwa nimeshamweleza kwamba maabara ilikosea vipimo." Kasema hivyo bila hata kushusha sauti, kama anayeniagiza soda. Eti nitengeneze mengine, nikaze zaidi.

Maabara ndiyo mimi! Mimi na Barasa na feni moja. Nimemuuliza kama alisoma maandishi mekundu. Maandishi gani, kaniuliza.

Nimekata simu. Sijawahi kumkatia daktari simu. Kisha nimefagia maabara yote, hata chini ya mashine ambako hakufagiwi.

Jumamosi, 7 Machi

Selina amekuja.

Kabisha hodi saa nne asubuhi, gauni la kitenge, mkoba wa vitabu begani. Jina la maabara alilisoma kwenye kisanduku cha meno yake. Katoka Changamwe, kule karibu na uwanja wa ndege. Nilimjua kabla hajajitaja. Alitabasamu na nikaona meno yangu sita.

Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba, mwanangu. Ni mwalimu. Anafundisha watoto wa gredi ya kwanza kusoma. Kanieleza bila kujihurumia. Akifundisha anayashikilia meno kwa ulimi yasishuke. Jumatano yalimtoka katikati ya somo, yakaanguka juu ya kitabu cha mtoto. Darasa likacheka. Naye akacheka nao, wasiogope. Kisha akaingia stoo ya chaki akalia. Mwaka mmoja alikuwa akiziba mdomo kwa mkono, alidhani hilo limekwisha.

Mimi fundi, sina ruhusa ya kutia mkono kinywani mwa mtu. Kafungua mwenyewe, pale mlangoni penye mwanga. Fizi nyekundu, zimechubuka. Kaligusa chonge la kushoto kwa kidole. Likacheza. Kidogo tu, lakini nililiona.

Nimemwambia ayavue, asiyavae tena hata siku moja. Kayavua, kayafunga kwenye leso, kisha kaniuliza.

"Ni wewe uliyekosea?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu jana. Nimemweleza yote: kikalio, simu, "ya nyuma niachie". Nimemwonyesha plasta. Kasikiliza kama anavyosikiliza watoto, kichwa upande.

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, mwalimu."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Katikisa kichwa taratibu. "Watoto wangu wana miaka sita. Mimi huwauliza mara tatu."

Kashukuru kwa maji ya kunywa, kaondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwenda Nyali. Sijawahi kuingia kliniki ile kwa mlango wa mbele. Plasta zote mbili ndani ya kikapu cha sokoni, nimezifunga kwa kanga zisigongane.

Nimeziweka mezani kwake. Nimesema sitengenezi mengine juu ya kofia hizo. Daraja likatwe, kazi ianze upya, ya kuvaa yapangwe kwanza. Kaniuliza daktari ni nani hapa. Nimesema ni wewe, na mizizi ni mitatu, na mmoja unacheza. Kasema kazi zake zote atapeleka kwingine. Nusu ya pesa ya mezani kwangu hutoka kwake. Nimesema peleka.

Nimezifunga tena plasta kwa kanga. Nimechukua kikapu changu.

Kufungua mlango nitoke, Mwalimu Selina kwenye benchi. Hakuniambia atakuja. Ubao wa mlango ulikuwa mwembamba, kasikia yote. Kasimama, kainyoosha kitenge, kaingia. Nimemsikia akianza, kwa ile sauti ya darasani isiyo na haraka: "Daktari, fundi alikuuliza nini?"

Kisha tena, maneno yale yale. Sikungoja mara ya tatu.

Jumatano, 18 Machi

Siku tisa hakuna kitu kutoka Nyali. Barasa anaipanga upya rafu tupu ya Nyali kila asubuhi. Najua anawaza kodi ya nyumba na watoto wake. Hasira yangu imemgharimu mtu mwingine, na hilo nalo linaniudhi.

Leo saa sita, mtu wa pikipiki. Fomu moja. Selina. Daraja limekatwa. Chonge la kushoto limetulia tangu alipoacha kuyavaa yale, kaandika daktari, litabeba. Halafu mstari mmoja: Panga ya kuvaa kwanza, weka vikalio.

Pole hakuna. Samahani hakuna. Kaandika kana kwamba ni wazo lake, na huenda keshaamini hivyo. Bado nina hasira naye na sioni sababu ya kuiacha.

Nimewasha taa ya kuyeyushia nta. Nimechonga vidato viwili, kimoja kimoja, nikipima kwa ncha ya chuma. Nimekwenda polepole kuliko siku ya kwanza niliyofundishwa.

Jumatatu, 13 Aprili

Ujumbe wa simu kutoka kwa Mwalimu Selina. Shule zimefungwa, yuko kwao Kaloleni. Amekula muhogo wa kuchoma, anasema, upande wa kulia na upande wa kushoto.

Nimemsomea Barasa. Kaniomba nisome tena.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua asubuhi. Kinywa kimoja kipya, cha Likoni. Daktari kijana, mtaratibu. Mgonjwa ni mwanamume, miaka arubaini na moja. Daraja la meno manne mbele. Nyuma, fizi tupu.

Nimempigia. Daktari kasema fanya daraja tu.

Nimekunywa chai, nimempigia tena. Kasema kwani hukunielewa, dada.

Sasa ni saa nane, mvua imekatika. Kinywa kiko mbele yangu. Taa ya nta sijaiwasha. Nimeshika simu.