Mbwa Wanaijua Njia

Nanyala, Jumapili jioni

Lusajo mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu simu baba yako angeisikia. Kahawa imechanua vizuri. Dada yako Violet kajifungua mtoto wa kike. Baba yako goti limevimba, hawezi kutembea, ila ubishi wake ni mzima kabisa.

Tangu alipokuambia usikanyage tena kwake nawe ukahamia Zambia, kila Jumapili baada ya ibada huchukua mbwa na kuaga kwamba anakwenda kuwinda. Hajawahi kurudi hata na sungura. Leo mbwa walilia mlangoni mpaka nikawatoa mwenyewe.

Wao ndio walioniongoza. Tulikatiza msitu, majani machanga mekundu kama unavyoyajua, tukatokea kwenye yale magofu ya misheni mlikokuwa mkicheza. Nikadhani sasa watafukuza kitu. Wapi! Walipanda zile ngazi zilizobaki, wakakaa, wakatazama kule chini barabarani, pale yanaposimama mabasi ya kutoka mpakani Tunduma. Katikati yao waliacha nafasi ya mtu. Nikakaa.

Basi likaja, likasimama, likaondoka. Ndipo mbwa wakainuka, tukarudi nyumbani.

Baba yako alikuwa kibarazani. Mimi hakuniuliza kitu. Aliwavuta mbwa, akawapapasa masikio, akawauliza wao kwa sauti ya chini:

“Hakushuka mtu?”

Mimi mama yako,
Nesta