Machozi ya Hauke

Jumapili, 4 Februari

Nimeharibu. Na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno! Hauke kapiga magoti kwenye zulia, ukanda wa ngozi shingoni, mikono nyuma. Mimi kitini na buti zangu nyekundu, na ile sauti ya ukali anayoipenda mume wangu. Nikamuuliza kama kawaida yetu: "Rangi?" Kijani ni endelea, njano ni polepole, nyekundu ni basi, hapo hapo. Akasema kijani. Nikamwamuru anitazame machoni, asiseme lolote. Mara kidevu kikaanza kumtetemeka, chozi likadondoka. Jitu zima, dereva wa kreni bandarini, hakulia hata alipomzika baba yake!

Nikashikwa na hofu. Nikamvua ukanda, nikamfunika blanketi, mbio jikoni kupasha sukumawiki na soseji. Narudi na sahani, namkuta kafura. "Kwani mimi nimesema nyekundu?" Hapana. "Sasa?" Nikamsukumia sahani. Tukala. Soseji ilikuwa tamu lakini, lazima niseme ukweli.

Jumanne, 6 Februari

Bado kanuna. Asubuhi kwenye kahawa kayatoa yote. Kazini hawezi kulia, kwa mama yake hawezi. Ni pale magotini tu, asipokuwa na la kuamua, ndipo machozi yanakuja — halafu mimi nafunga bomba! Nikimkimbia tena, anasema, ukanda atautia sandukuni, tubaki mke na mume wa kutazama mpira. Hakuwa anatania.

Sitaki ukanda uende sandukuni. Nampenda akiwa pale chini, na najipenda nikiwa hapa juu.

Alhamisi, 8 Februari

Kikao chetu cha kila mwezi kwenye baa ya kona, sisi watu wa amri na magoti. Mpita njia angedhani ni chama cha wafuga njiwa — masweta, bia, picha za wajukuu. Nikamweleza Mechthild, aliyeyaanza haya zamani kabla yangu. Kacheka hadi bia ikamtokea puani. "Shosti, mjeledi huuogopi, unaogopa kamasi!" Kisha akawa mpole: mtu kulia si kuvunjika. Muulize rangi, halafu kaa. "Kaa tu, Wiebke. Usipike!"

Kaa. Kaneno kadogo hivyo, na mie jasho linanitoka.

Jumamosi, 10 Februari

Nimenunua leso za karatasi boksi zima, na chokoleti. Hauke kaviona, kacheka — hatimaye! Eti Bimkubwa — ndivyo aniitavyo akiwa magotini — anajiandaa kwa mafuriko. Kesho alasiri tunajaribu. Nafasi hii moja tu, kasema.

Jumapili, 11 Februari

Nimekaa!

Nikamvika ukanda, nikamwamuru anitazame. Hakuchelewa. Safari hii si chozi — kilio cha mtoto, mabega yanaruka, kamasi hadi kwenye ndevu. Miguu yangu ikatamani jikoni. Nikaikaza sakafuni. "Rangi?"

"Kijani, Bimkubwa."

Kijani! Nikamvuta kichwa, nikakilaza kwenye goti langu. "Lia. Ni amri." Akamtaja baba yake. Akaomba samahani, nikampiga marufuku kuomba samahani. Akacheka katikati ya kilio. Furaha niliyoisikia, jamani!

Ndipo nikaona nywele zake zimelowa. Utosini, ambako machozi yake hayafiki. Ni yangu! Mimi! Mwenye buti!

Hauke akainua uso, umevimba kama andazi. Hakusimama, hakugusa ukanda. Akaniuliza taratibu: "Rangi, Bimkubwa?"

Miaka yote hii namuuliza yeye. Mimi hajawahi kuniuliza mtu. Nikachukua daftari hili pembeni ya kiti. Nikamwambia asubiri, naandika kwanza.

Sasa naandika hapa hapa kitini, kichwa chake kimerudi gotini. Sukumawiki ya leo iko baridi kwenye sufuria, naiona kupitia mlango wa jikoni. Nimeitazama mara mbili, sijainuka. Hana haraka, anapumua tu.

Kauliza tena. Naweka kalamu chini, nimjibu.