Pembe Isiyopitisha Mkono

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo na kazi za ofisi? Sisi wazima, mgongo tu ndio unanionea. Mdogo wako anakusalimu sana. Tangu mama yenu aondoke nimemlea hapa hapa karakana, na siku hizi anachomelea kunishinda.

Nimefurahi kusikia kwamba daraja la chuma tulilopewa umelichora wewe. Lakini kile kiungio cha chini, mwanangu! Vyuma vya mshazari umevilaza mno, pembe imebana, fimbo ya kuchomelea haifiki ndani. Vinyanyue kidogo, tafadhali.

Baba yako mdogo

11 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima. Pole na mgongo.

Mchoro haubadiliki. Mama alipokuomba chumba kimoja tu nyuma ya karakana ya marehemu baba, ulisimama mlangoni, mikono kiunoni, ukasema hakuna nafasi. Basi na kwangu hakuna. Mkaguzi atapima kila kiungio kwa mashine, na kisichoshika hadi ndani atakikataa. Watakunyang'anya kazi, karakana itafungwa, nami nitakuja kukutazama ukifungasha virago. Jitahidi kuingiza mkono.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunamshukuru Mungu. Mkaguzi amepita upande wa kwanza wa daraja, hakukataa hata kiungio kimoja.

Mkono wangu ulikwama kwenye kiwiko, mafundi wakanicheka mpaka basi. Kwa hiyo nikamwingiza mwenye mkono mwembamba. Unamjua. Nilimwambia pamebana, akanijibu kwamba mchoro wa dada yake hauwezi kuwa na kosa. Kesho anaanza upande wa pili.

Baba yako mdogo

30 Machi

Baba Mdogo,

Mtoe humo. Leo hii! Chuma kikishika moto hana pa kuukwepeshea mkono. Nimechora upya, mchoro huu hapa, pembe iko wazi. Karakana kaa nayo. Bado nakuchukia, lakini mtoe.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mchoro umefika, ni mzuri, fimbo inaingia bila taabu.

Mdogo wako ndiye aliyeupokea. Ametia saini kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Akaniuliza kwa nini umebadilisha. Nikamsomea barua yako ya tarehe kumi na moja, yote, pole pole.

Ameniomba nikuandikie usije.

Baba yako mdogo