Upindo wa Mashoto

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, ila macho ya mama sasa yamekwisha kabisa. Mimi ananijua kwa hatua zangu. Kila asubuhi anauliza kama umeandika, basi usiniaibishe.

Lile tangazo la mashindano ya ushonaji ulilolikata gazetini nimelisoma mpaka limechakaa. Gauni lishonwe nyumbani, na mshonaji asiwe fundi wa kazi. Ndiyo mimi huyo, kazi yangu ni kukaza vifungo vya majirani. Mshindi anafundishwa mwaka mzima kwenye karakana yao. Nina miaka arobaini na moja, nafasi kama hii hainijii tena, na sioni aibu kukuambia kwamba naitaka.

Mama kanipa kile kitambaa chake cha kijivu cha sandukuni. Nimekikata kwa vipimo vyako, maana wewe ndiye utakayelivaa kulionyesha. Ya cherehani nimemaliza, sasa naushona upindo kwa mkono, na unajua mkono gani. Mama anapapasa mishono inavyolala kushoto, anacheka, anasema fimbo zote zile alizonichapa niuache mkono huo zilipotea bure.

Kwenye fomu andika jina langu kamili, si hili la utani.

Ni mimi dada yako,
Mashoto

29 Machi

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Mimi mzima, kazi ni ile ile ya kupokea simu za watu wenye hasira.

Gauni limefika. Nilivyolivaa ofisini, wenzangu waliacha simu zinalia. Nimelipeleka mwenyewe na fomu nimejaza. Ondoa shaka.

Mdogo wako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama anakula vizuri.

Tumeingia nane bora. Ila kuna jambo. Siku ile ya fomu karani aliniuliza mshonaji ni nani. Nilikuwa nimelivaa, watu wote wananitazama mimi, nikajikuta nimesema ni mimi. Nilidhani tutarekebisha baadaye. Sasa tarehe 11 Mei kila mshindani atashona upindo mbele ya waamuzi, waulinganishe na wa gauni lake.

Usikasirike, dada. Tukishinda tumeshinda sote.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakula, halali tu vizuri.

Sijakasirika. Nimeumia, na tofauti yake unaijua. Nenda kwa huyo karani umwambie ukweli. Nimeshaongea na jirani, atakaa na mama siku mbili. Nitafika tarehe 10 jioni nije nishone mwenyewe mbele yao, na wakicheka mkono wangu, wacheke.

Mama sijamwambia. Anadhani jina lililoitwa ni langu, na tangu juzi anawahadithia wote wanaopita mlangoni.

Dada yako,
Mashoto

5 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka. Usije. Nimemwambia karani ukweli, amekubali, ila mashindano yameahirishwa na tarehe mpya haijulikani. Nitakuarifu. Salamu kwa mama.

Mdogo wako

25 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Nilikuwa na mafua, sasa nafuu.

Gauni nakurudishia. Mashindano yalifanyika ghafla, sikuwahi kukuita. Tumekuwa wa pili, na wa pili hapewi kitu. Waamuzi walisifu mkato, mabega, kiuno. Walisema upindo tu ndio ulioliangusha. Basi, bahati haikuwa yetu.

Mdogo wako

16 Juni

Hatujambo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo mama alivyotufundisha.

Kifurushi kilifika Jumanne. Gazeti ulilolifungia gauni ni la tarehe 12 Mei na matokeo yamo ndani. Hakuna kilichoahirishwa.

Mama aliomba alishike yeye kwanza, nikamwekea magotini. Akaanza mabegani, akashuka kiunoni, anatabasamu. Alipofika chini vidole vikasimama. Akauzunguka upindo wote, taratibu, kisha akauliza, "Nani kafumua?" Akajijibu mwenyewe, "Huu mkono wa kulia. Tena anavuta uzi, tangu mdogo namwambia asivute." Hakukutaja jina. Hakuwa na haja.

Nililipeleka dirishani. Matundu ya sindano yangu bado yapo, pembeni ya mishono yako. Ulikaa kitako ukafumua kazi yangu ya siku tisa ili gauni langu lifanane na mkono wako. Ungeniacha nije, leo ningekuwa karakanani. Unajua hivyo, nami nakuandikia ujue kwamba ninajua.

Mama sasa haulizi tena kama umeandika. Jana kaniambia niushone upindo upya, angalau yeye apate kuupapasa. Ni mara ya kwanza kumkatalia mama kitu. Nimelikunja lilivyo, nimelirudisha sandukuni. Siku utakapokuja kumzika utalikuta humo. Livae. Lilikatwa kwa vipimo vyako.

Ni mimi,
mtoto wa kwanza wa mama