Bipu za Mama

Jumatatu, 4 Machi

Simu yangu imekufa. Ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi nikiwa nimeinama chini ya kochi la mteja. Chubwi — basi! Vibonye vyake vilishafutika namba, lakini kilikuwa chombo, kinasikia amri.

Jirani yangu fundi simu, tunayemwita Bwana Chaji, kaniuzia hii mpya. Kubwa kama sahani, kioo kitupu. Nibonyeze wapi? Eti usibonyeze mzee, gusa tu. Nimegusa. Ikanipiga picha ya pua!

Majina yote yamepotea. Yalikuwa kwenye simu, si kwenye laini. Kichwani sina namba ya mtu yeyote.

Jioni nzima inalia. Mara nimeshinda zawadi, mara mtu ananiuzia bima ya maisha. Nimemrudia Bwana Chaji nikiwa nimefura. Kaniuliza, nizuie namba zote usizozihifadhi? Nikamwambia zuia, zuia ukoo wao wote!

Kimya sasa. Raha.

Jumanne, 5 Machi

Mama hajabipu.

Kila asubuhi hubipu, hata kabla sijafungua karakana. Kisa si ubahili. Anasema simu si kikao. Bipu moja: nimeamka salama. Nami nabipu moja, tumemalizana. Mbili: nipigie. Tatu: njoo. Tatu hajawahi kuzitumia, maana hataki kumsumbua mtu.

Najua kilichomkera. Juzi Jumapili nilimwambia ahamie kwangu, asiishi peke yake na magoti yale. Akasema yeye si kabati la kuhamishwahamishwa. Nikapandisha sauti, nikaondoka bila kuaga. Jana asubuhi alibipu, na mimi makusudi sikujibu. Kumbe naye kanuna. Sawa. Tutaona nani atachoka.

Jumatano, 6 Machi

Siipendi hii simu. Narudia, siipendi! Vidole vyangu vina gundi iliyokauka, haivitambui. Eti weka kidole tena. Weka tena. Vidole hivi vimevalisha makochi ya nusu ya mji huu, leo kioo kinaviuliza ni vya nani!

Inajiwasha taa yenyewe. Inanihesabia hatua — nani kaiomba? Niliandika "kitambaa kimefika", yenyewe ikaandika "kitambi kimefika", ujumbe ukaenda kwa muuza vitambaa (namba yake niliitoa kwenye risiti), mwenye kitambi chake. Hajacheka.

Mama kimya. Mkaidi yule.

Ijumaa, 8 Machi

Karakana imepooza. Hakuna anayeuliza kochi lake. Bwana Chaji kapita, kasema si uende tu ukamwone mama yako. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, siendi kuomba msamaha kwa kumtakia mtu mema. Akasema, haya mzee, na akili zako.

Nimepigilia misumari ya mgongo wa kochi upande usio wake. Nimeing'oa yote. Ningeisikia ile bipu moja tu, ningefanya kazi vizuri. Nimeshaandika, na sifuti.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Asubuhi mteja kaingia na makelele. Wageni wake wamekaa kwenye ndoo wiki nzima! Kapiga simu mpaka kidole kimechoka! Nikamwambia mwongo, simu haijalia. Kanionyesha yake: kapiga kweli.

Nikaibeba simu yangu mpaka kwa Bwana Chaji. Kafungua mahali ambapo mimi sikujua kama papo, pameandikwa "Zilizozuiwa". Namba za wateja, tele. Na katikati yake namba moja inajirudia. Jumanne asubuhi, mara moja. Jumatano, mara moja. Alhamisi. Jana. Pembeni yake simu imeandika kwa wekundu: "Usumbufu".

Usumbufu! Mama yangu!

Hakuwa amenuna. Alikuwa ananiambia kila siku kwamba ameamka, na mimi namnyamazia.

Leo alfajiri, namba ileile. Mara tatu.

Nimempigia. Inaita mpaka inakatika. Nimerudia, inaita mpaka inakatika. Mama hupokea, hata kama ni kwa kunung'unika. Bwana Chaji kavaa kofia yake akakimbilia pikipiki, aende nyumbani kwa Mama, nyuma ya soko. Kasema nimsubiri mlangoni pa karakana, huenda Mama akapiga. Mteja kaniletea maji bila kuombwa, kaacha habari za kochi.

Labda ameiacha simu chumbani, yuko uani anafua. Labda amekasirika, hataki kupokea. Akasirike! Anitukane mbele za watu, nitasimama nitukanwe.

Nimembipu. Moja. Ndiyo lugha yake, pengine hii ataijibu.

Kizuizi kimeondolewa, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Simu iko magotini, juu ya hili daftari, naandika pembeni yake. Taa imejizima. Nimeigusa, imewaka. Imejizima tena.

Pikipiki ya Bwana Chaji naisikia inakunja kona, inarudi.

Lia basi, mwanaharamu wewe. Lia!